Safu Mlalo, Safu Wima na Utungo Usio na Jina

Wavyele walinena kwamba mwenye pupa hadiriki kula tamu. Methali hii niliifundisha kwa miaka minne katika shule ya upili kabla ya kurejea chuoni kusomea shahada ya uzamili. Niliwaeleza wanafunzi wangu maana yake ya juu na maana yake ya ndani, nikawasahihishia insha zilizotungwa juu yake. Sikudhani kwamba siku moja ningekuja kuielewa upya mbele ya tarakilishi, nikiwa nimekodolea macho jedwali la tarakimu nililolitengeneza mwenyewe, na ambalo lilikuwa limenipoteza njia.

Tasnifu yangu inahusu tungo 12 zilizomo katika daftari la mzee mmoja wa mwambao ambaye sasa ni marehemu. Tungo sita ni zake, kwani jina lake limo katika beti za tamati. Tano ni za malenga rafiki yake waliyekuwa wakijibizana. Utungo wa 12 hauna jina. Karatasi yenye beti zake za mwisho iliraruka zamani, na jina la mtunzi likaenda nayo. Binti wa marehemu, mama wa makamo aliyenikaribisha kwake na kunikabidhi daftari hilo, aliniambia kwa yakini kwamba utungo huo ni wa babake. Alimsikia akiughani barazani yeye angali mtoto. Lakini mimi, kwa ujuvi wa msomi, nilitaka ushahidi mwingine.

Wazo la kutafuta ushahidi huo katika hesabu halikuwa langu. Nilikuwa nimesoma kuhusu makala 85 zilizochapishwa huko Marekani mwaka 1787 na 1788 kwa jina la kubuni la Publius, ambazo waandishi wake walikuwa Alexander Hamilton, James Madison na John Jay. Makala 12 kati ya hizo ziligombaniwa: je, ni za Hamilton au ni za Madison? Mwaka 1964 wataalamu wawili wa takwimu, Frederick Mosteller na David Wallace, walichapisha kitabu walimoonyesha kwamba jawabu limo katika maneno madogo madogo, yale ambayo mwandishi huyatumia bila kufikiri. Maneno mazito huletwa na mada. Viunganishi na vihusishi huletwa na mazoea ya mtu, mithili ya mwendo wake anapotembea. Kwa kuyahesabu maneno hayo, wataalamu hao walihitimisha kwamba makala zilizogombaniwa ni za Madison.

Nikajiambia: ikiwa nathari ya Kiingereza imekubali kupimwa hivyo, kwa nini utungo wa Kiswahili usikubali? Nikateua maneno 12: na, ya, wa, kwa, ni, si, kama, bali, ila, hata, tena, basi. Naungama kwamba idadi hiyo niliichagua kwa sababu ya urembo tu. Tungo 12, maneno 12. Jedwali la mraba uliokamilika. Urembo huo ndio ulionigharimu, kama utakavyoona.

Jedwali langu lilipangwa hivi. Kila utungo ulipewa safu mlalo yake, yaani mstari unaokwenda kutoka kushoto hadi kulia. Kila neno lilipewa safu wima yake, inayoshuka kutoka juu hadi chini. Penye makutano ya utungo na neno niliandika idadi ya mara ambazo neno hilo limetokea. Sisi wanafunzi wa ushairi hatuna haja ya kuogopa mpangilio wa namna hii. Ubeti wa tarbia wenye vipande viwili ni jedwali la mishororo minne iliyolala na vipande viwili vilivyosimama, ukwapi upande mmoja na utao upande wa pili. Anayefuata vina hushuka wima. Anayefuata maana husoma mlalo. Wanahisabati huliita jedwali la namna hiyo matriki. Neno hilo lilianza kutumiwa katika hisabati na Mwingereza James Joseph Sylvester mwaka 1850, naye alilitoa katika Kilatini, ambako lina maana ya tumbo la uzazi. Rafiki yake Arthur Cayley ndiye aliyeandika mwaka 1858 makala mashuhuri inayoeleza jinsi ya kuzijumlisha na kuzizidisha matriki hizo.

Ili kujua iwapo tungo mbili zinafanana, huchukuliwa kile kinachoitwa zao skala, au zao la nukta, la safu zake. Jina linatisha, tendo lenyewe ni jepesi. Tuchukue maneno matatu tu: na, si, kama. Tuseme utungo wa kwanza una hesabu za 3, 1 na 2. Utungo wa pili una 4, 0 na 5. Wa tatu una 1, 6 na 0. Zidisha kila hesabu kwa mwenziwe wa neno lilo hilo, kisha jumlisha. Utungo wa kwanza na wa pili: 3 mara 4 ni 12, 1 mara 0 ni 0, 2 mara 5 ni 10, jumla 22. Wa kwanza na wa tatu: 3, na 6, na 0, jumla 9. Ili utungo mrefu usipate ukubwa wa bure, kila jumla hugawanywa kwa urefu wa safu zote mbili, na urefu wa safu ni kipeuo cha pili cha jumla ya miraba ya hesabu zake. Hapo tungo mbili za kwanza hupata takriban 0.92, ilhali wa kwanza na wa tatu hupata takriban 0.40. Zinazofanana kabisa hupata 1. Zisizochangia neno hata moja hupata 0.

Kwa tungo tatu, kalamu na karatasi zatosha. Kwa tungo 12 zenye maneno 12, kila jozi ina mazao 12 ya kujumlishwa, nazo jozi ni nyingi. Ndipo nilipomkumbuka mdogo wangu, aliyekuwa mwaka wa tatu akisomea uhandisi wa umeme katika chuo kingine. Alikuwa ametengeneza, kwa ajili ya zoezi la maabara, programu ya kuzidisha matriki mbili katika lugha ya michoro iitwayo LabVIEW. Aliponitembelea wikendi moja, alinionyesha.

Sikuwahi kuona kitu kama kile. Nilidhani programu zote huandikwa kwa mistari ya maneno na alama, kama barua ya mtu mwenye kigugumizi. Hii haikuandikwa, ilichorwa. LabVIEW ilitolewa mwaka 1986 na kampuni ya National Instruments ya mjini Austin, jimbo la Texas, na anayetajwa kuwa baba yake ni Jeff Kodosky. Ina sura mbili. Sura ya kwanza ni paneli ya mbele, yenye vitufe, vidirisha vya tarakimu na taa, kama uso wa redio. Nyuma yake ndipo penye mchoro wenyewe: visanduku vidogo vinavyoitwa nodi, vilivyounganishwa kwa nyaya za rangi. Waya wa rangi ya machungwa hubeba desimali, wa buluu namba kamili, wa waridi maandishi. Waya wa namba moja ni mwembamba. Wa orodha ya namba ni mnene zaidi. Wa jedwali zima huchorwa kwa mistari miwili. Nodi haifanyi kazi mpaka kila waya unaoiingia uwe umefikisha mzigo wake. Ikiwa waya wa maandishi umeunganishwa na nodi inayotaka namba, waya hukatika, na mshale wa kuendeshea programu nao huonekana umevunjika.

“Huo ni upatanisho wa kisarufi,” nilimwambia. “Ngeli zisipopatana, sentensi haisimami.”

“Dada, wewe kila kitu ni ngeli,” alinijibu akicheka.

Katikati ya mchoro wake palikuwa na fremu mbili, moja ndani ya nyingine. Kila fremu ni kizunguko: kilichomo ndani hurudiwa mara kadhaa. Jedwali likifika kwenye ukingo wa fremu, hujigawa lenyewe na kuingia safu mlalo moja baada ya nyingine. Waya ulio wa mistari miwili nje huwa wa orodha moja ndani. Kwa hiyo jedwali la kwanza huingia katika fremu ya nje bila matata, safu mlalo kwa safu mlalo. Lakini kanuni ya kuzidisha matriki yataka safu mlalo za jedwali la kwanza zikutane na safu wima za jedwali la pili. Kwa kuwa ukingo wa fremu hutoa safu mlalo tu, jedwali la pili lilipitishwa kwanza katika nodi ya kupindua, inayozigeuza safu wima kuwa safu mlalo, ndipo likaingia katika fremu ya ndani. Humo ndani palikuwa na nodi moja pekee ya zao la nukta. Orodha mbili ziliingia, namba moja ikatoka. Namba hizo zikitoka ukingoni hujipanga zenyewe, kwanza kuwa orodha, kisha kuwa jedwali jipya. Fauka ya hayo, aliweka taa nyekundu kwenye paneli, iwake iwapo urefu wa safu mlalo za jedwali la kwanza haulingani na ule wa safu wima za jedwali la pili.

Aliniachia programu hiyo katika tarakilishi yangu, akanionyesha kidirisha cha jedwali la kwanza na kile cha jedwali la pili, akaenda zake. Usiku ule nilizigawa hesabu za kila utungo kwa urefu wa safu yake, nikaliingiza jedwali langu katika kidirisha cha kwanza. Na cha pili? Nilikuwa na jedwali moja tu, nami nilitaka tungo zilinganishwe zenyewe kwa zenyewe. Nikaliingiza jedwali lile lile, kama lilivyo. Taa nyekundu haikuwaka. Tarakimu zikatokea papo hapo, safi, zenye desimali nne. Nilipotazama safu ya utungo usio na jina, niliona namba kubwa zaidi zikiwa chini ya tungo za yule malenga rafiki. Moyo ulinidunda. Nilikuwa nimepata jambo jipya!

Laiti ningelala kwanza. Asubuhi yake nilimpigia simu yule mama wa pwani. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, tukajuliana hali. Kisha nikamwambia, kwa sauti ya mtu aletaye habari kubwa, kwamba utafiti wangu umeonyesha kuwa utungo ule si wa marehemu babake. Kimya kilipita. “Haya, mwanangu,” alisema hatimaye. “Nyinyi ndio mliosoma.” Hakuniuliza swali. Niliandika sura nzima ya tasnifu kwa msingi wa jedwali lile, nikaiwasilisha kwa msimamizi wangu.

Sura ilirudi baada ya wiki tatu. Msimamizi wangu ni mtu wa fasihi kama mimi. Hakuwa ameandika neno lolote juu ya matriki. Alikuwa amezungushia duara namba mbili katika jedwali langu, na pembeni akaandika kwa wino mwekundu: “Kama utungo wa 3 unafanana na wa 8 kwa kiwango hiki, mbona wa 8 haufanani na wa 3 kwa kiwango hicho hicho? Mimi nikiwa nduguyo, je, wewe si ndugu yangu?”

Nilihisi baridi ikinishuka mgongoni. Nilichukua simu, na badala ya kuuliza, nikamkaripia mdogo wangu. Nilimwambia programu yake ni mbovu, imeniaibisha mbele ya mwalimu. Alinyamaza mpaka nikamaliza, kisha akaniomba nimtumie jedwali. Baada ya dakika chache alinipigia.

“Dada, hapa kuna 1.7. Umesema ulizigawa safu zote kwa urefu wake. Kufanana kunapitaje 1? Na utungo wenyewe kwa wenyewe umepata 0.6. Je, mtu hafanani na nafsi yake? Kidirisha cha pili uliweka nini?”

“Jedwali lile lile.”

“Ulilipindua kwanza?”

Sikuwa na jibu. Nilichukua karatasi na kurudi kwenye mfano wangu wa tungo tatu. Ikiwa jedwali lile lile limeingizwa pande zote mbili bila kupinduliwa, basi safu mlalo ya utungo wa kwanza, 3, 1, 2, hukutana na safu wima ya pili. Safu wima ya pili si utungo; ni neno si katika tungo zote tatu: 1, 0, 6. Zao ni 3, na 0, na 12, jumla 15. Ukigeuza, safu mlalo ya utungo wa pili, 4, 0, 5, hukutana na safu wima ya kwanza, yaani neno na: 3, 4, 1. Zao ni 12, na 0, na 5, jumla 17. Jawabu sahihi, kokote utakakoanzia, lilikuwa 22. Nilikuwa nimezidisha idadi ya kama katika utungo mmoja kwa idadi ya si katika utungo mwingine, nikaziita tarakimu hizo undugu.

Programu haikuwa na hatia. Ilizidisha safu mlalo kwa safu wima, ndivyo ilivyoundwa. Ni mimi niliyepaswa kuliingiza jedwali la pili likiwa limepinduliwa, ili tungo zisimame wima na kila utungo ukutane na utungo. Na ile taa nyekundu? Taa ilipima urefu tu. Lau ningechagua maneno 20 badala ya 12, safu mlalo zingekuwa na namba 20 na safu wima namba 12, taa ingewaka, nami ningeokoka. Mraba wangu mzuri ndio ulioifumba macho. Hili sisi wa isimu tunalijua tangu mwaka wa kwanza: sentensi yaweza kutimiza upatanisho wote wa kisarufi na bado isiwe na maana. “Kisu kimeoa mvua” ni sentensi isiyo na kosa la ngeli. Nilimcheka mdogo wangu kwa kutojua ngeli, kumbe ni mimi niliyeridhika na ngeli nikasahau maana.

Nilimwomba radhi. Si jambo jepesi kwa kifungua mimba kumwomba radhi kitinda mimba, hasa aliyembeba mgongoni. Alinijibu kwa sentensi moja: “Dada, programu ilifanya ulichoiambia, si ulichotaka.” Nimeibandika sentensi hiyo ukutani juu ya meza yangu.

Nililipindua jedwali, nikaendesha tena. Safari hii mstari wa hanamu, kutoka pembe ya juu kushoto hadi pembe ya chini kulia, ulijaa 1 tupu: kila utungo ulifanana na nafsi yake. Kila jozi ilisoma sawa kutoka pande zote mbili. Nilichagua jozi moja na kuikokotoa kwa kalamu, hatua kwa hatua, mpaka nikafika kwenye namba ile ile. Ndipo nikautazama utungo usio na jina. Ulikuwa karibu kidogo zaidi na tungo za marehemu kuliko zile za rafiki yake, lakini tofauti ilikuwa ya sehemu chache za mia. Utungo ni mfupi, maneno yake madogo ni machache, na malenga wawili waliojibizana kwa miaka mingi huambukizana mazoea. Kwa namba hizo sikuweza kusema ni wa fulani, wala kusema si wa fulani.

Niliiandika upya sura yote na kumweleza msimamizi wangu kosa langu bila kulifunika. Alisema angelinipa alama kwa maelezo hayo kuliko kwa matokeo ya awali. Lakini lilibaki deni moja ambalo halikulipika kwa karatasi.

Sikupiga simu. Nilipanda basi la usiku, nikafika pwani asubuhi. Mama alinikaribisha kwa chai na mahamri, akangoja. Nilimwambia kwamba nilikosea. Kwamba nilipanga vibaya hesabu zangu. Kwamba hesabu zilizopangwa vyema haziukani utungo ule kuwa wa babake, ingawa hazitoshi kuuthibitisha. Nilimweleza hata jambo la safu mlalo na safu wima, nikitumia mkeka tuliokalia: ukili huu wakwenda hivi, na ule wakwenda vile. Alinisikiliza kwa makini.

“Mwanangu,” alisema, “mimi sikuwa nikingoja hesabu yako. Masikio yangu yalimsikia. Lakini uliponipigia simu, usiku ule nilikaa nikajiuliza kama nilisikia kweli, au nilitamani tu. Hilo ndilo lililoniuma. Basi umefanya vyema kurudi.”

Kisha akaughani utungo ule wote, bila daftari. Alipofika penye karatasi iliyoraruka hakusita. Aliendelea kwa beti mbili ambazo sikuwahi kuziona. Nilimwomba arudie, nikaziandika. Jina la mtunzi halimo humo pia. Sasa zimo katika kiambatisho cha tasnifu yangu, na chini yake nimeandika kwamba zilipokewa kwa mdomo kutoka kwa binti wa malenga, aliyezisikia kwa babake.

Wenzangu wa Kiswahili, tusizikimbie tarakilishi wala hesabu zake. Zao la nukta ni kitu tunachoweza kukieleza kwa lugha yetu na kukitumia kwa tungo zetu. Lakini kabla ya kubonyeza mshale, tujiulize kila safu ni ya nini, na inakutana na nani. Na kabla ya kumpigia mtu simu, tuzidishe angalau jozi moja kwa mkono.